Nani akae katikati? Kulinganisha watu wa kati baina ya kampuni na jumuiya za watumiaji

Kampuni inauza kitu. Watumiaji wanaanza kukusanyika wenyewe kwa wenyewe, wanapeana mbinu, wanarekebisha kasoro ambazo kampuni haijaziona, na wachache wao wanatengeneza nyongeza ambazo hakuna aliyewaagiza. Mapema au baadaye kampuni na watu hao wanataka kufanya kazi pamoja, na hapo ndipo wanapogundua kwamba hawaelewani. Mhandisi anataka maelezo kamili ya hitilafu. Mtumiaji anataka kwanza asikilizwe. Idara ya sheria inataka saini. Jumuiya inataka jibu leo hii. Basi anatafutwa mtu wa kati.

Swali ni yupi. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya anayelazimika kuchagua, awe amekaa upande wa kampuni au wa jumuiya, na naeleza tangu mwanzo ninakoegemea. Wengi huchagua kwa kutazama ustadi: nani anajieleza vizuri, nani ana uzoefu, jukwaa lipi lina watu wengi. Mimi ningeanza na swali lingine: nani ana uwezo wa kumwondoa huyo mtu wa kati? Jibu lake linakuambia atasimama wapi siku pande mbili zikigombana, na siku hiyo haikosi kufika.

Waliopo

Wa kwanza ni mwajiriwa wa kampuni, huyu anayeitwa msimamizi wa jumuiya. Mshahara wake unatoka kampuni, lakini mchana kutwa yuko na watumiaji. Wa pili ni balozi wa kujitolea, yaani mtumiaji anayeheshimiwa na wenzake ambaye kampuni imemtambua rasmi na kumfungulia mlango. Wa tatu ni kampuni ya nje inayofanya kazi hii kama biashara. InnoCentive, iliyozaliwa ndani ya kampuni ya dawa ya Eli Lilly mwaka 2001, huchukua tatizo la kampuni na kulitangaza kwa watu wa nje pamoja na zawadi. HackerOne, iliyoanzishwa 2012, husimama kati ya mashirika na wadukuzi waadilifu wanaotafuta mianya ya usalama. Wa nne ni wakfu, kama Apache Software Foundation ya mwaka 1999 au Linux Foundation ya mwaka 2007, unaoshika jina la mradi wa programu huria (ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa wote), kanuni zake na mali zake ili asiwepo mmoja wa kusema "hiki ni changu".

Yupo na wa tano, chama cha watumiaji chenye fedha zake chenyewe. Ni nadra, kwa hiyo nitamgusa baadaye.

LEGO, kampuni ya matofali ya kuchezea, inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu imepita karibu njia zote hizi. Mwaka 1998 ilipotoa Mindstorms, tofali lenye kompyuta ndani yake, haikuchukua wiki nyingi kabla watumiaji hawajalichambua na kuanza kuliandikia programu zao bila ruhusa ya mtu. Kampuni ilijadili iwashitaki au iwaache. Ikawaacha, kisha ikaenda mbali zaidi na kuingiza ruhusa hiyo ndani ya leseni. Ilipofika zamu ya kutengeneza toleo lililofuata, Mindstorms NXT ya mwaka 2006, iliwaita kimyakimya watumiaji wanne, ikawasainisha mkataba wa usiri, na kuwaingiza katika usanifu wenyewe. Malipo yao yalikuwa vifaa vya LEGO. Mwaka 2005 ulianza mpango wa mabalozi, ambao vikundi vya watumiaji huwakilishwa na watu wao wenyewe. Na mwaka 2008 kampuni ilikwenda kwa mtu wa nje: huko Japani ilishirikiana na Cuusoo, iliyokuwa ikikusanya mawazo ya watumiaji kwa kura. Mpango huo ukafunguliwa dunia nzima mwaka 2011, na mwaka 2014 LEGO ikauhamishia nyumbani kwa jina la LEGO Ideas. Wazo likipata waungaji mkono 10,000 hupelekwa kwenye jopo la kampuni, na likitengenezwa mwenye wazo hulipwa asilimia 1 ya mauzo halisi.

Tazama jinsi mambo yalivyofuatana. Mtu wa nje alitumika wakati kampuni haijui kama jambo litakubalika. Lilipokubalika, kazi yake ikachukuliwa na waajiriwa. Mabalozi walibaki pale pale, maana kazi yao haihamishiki: huwezi kumwajiri mtu awe mwenzao watumiaji.

Kazi yenyewe ni kutafsiri

Chukua mfano wa programu ya kuhariri sauti. Toleo jipya limetoka, na mtumiaji mmoja anaandika: "Hii ni takataka. Kazi yangu ya wiki nzima imepotea. Rudisheni ya zamani!" Chini yake wanajipanga wengine wenye hasira hiyohiyo.

Mjumbe wa kawaida atafika kwa wahandisi na kusema kwamba watumiaji hawalipendi toleo jipya. Wahandisi watatikisa kichwa. Malalamiko hayo wameyasikia kila toleo. Mtu wa kati anayejua kazi yake anarudi kwanza kwa wenye hasira na kuwauliza vitu vidogo: faili lilikuwa limehifadhiwa wapi, liliachwa wazi kwa muda gani, kompyuta ilikuwa imelala au la. Anagundua kwamba karibu wote waliopoteza kazi huhifadhi kwenye diski ya nje. Toleo jipya linajihifadhi lenyewe kila baada ya dakika chache, na diski ikiwa imelala programu inaandika faili tupu juu ya lile zima. Sasa anaingia kwa wahandisi na sentensi moja inayoweza kujaribiwa mezani.

Nusu ya pili ya kazi ni kurudi, na wengi huanguka hapo. "Tunathamini maoni yenu" ni jibu linalochoma zaidi kuliko ukimya. Jibu lenye maana husema hitilafu imeonekana, izimeni hifadhi ya otomatiki mpaka marekebisho yatoke, na nakala za faili zilizofutwa zimo kwenye folda fulani. Kama kampuni haitarekebisha, hilo nalo linasemwa wazi, na sababu yake.

Eric von Hippel, mtafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, aliyeanza kuchunguza ubunifu wa watumiaji tangu miaka ya 1970, ameeleza kwa nini hili ni gumu: maarifa ya matumizi yanang'ang'ania mahali yalipozaliwa, na kuyahamisha kuna gharama. Mtumiaji hajui kwamba diski yake ya nje ni habari. Mhandisi hajui kwamba watu wanazitumia kiasi hicho.

Ukiwapanga watu wa kati kwa kazi hii, tofauti zao zinaonekana upesi. Mwajiriwa anajua ni mhandisi yupi wa kumwendea na anaweza kumwendea leo, lakini mara nyingi yeye mwenyewe haitumii programu kwa saa nyingi kama wateja wake. Balozi yuko kinyume chake: suala la diski atalitambua kabla hujamaliza kusoma malalamiko, kwa kuwa na yeye anayo, ila barua pepe yake itakaa siku kadhaa ikisubiri mtu wa kuifungua. Kwa hiyo wawili hawa wakifanya kazi pamoja ni bora kuliko kila mmoja peke yake, na ningesema hiyo ndiyo jozi ya msingi kwa kampuni yoyote yenye watumiaji wanaojali.

Jukwaa la nje lina ustadi wa aina nyingine, ule wa kuchuja. Mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwaalika wadukuzi wajaribu tovuti zake kupitia HackerOne. Walijiandikisha zaidi ya 1,400, kama 250 wakatuma angalau ripoti moja, na zilizothibitishwa kuwa halali, zisizo marudio na zinazostahili zawadi zikawa 138. Gharama nzima ilikuwa kama dola 150,000, na karibu nusu yake ilikwenda kwa wadukuzi wenyewe. Mtu hulipia jukwaa ili asizame kwenye ripoti zisizo na kichwa wala miguu. Lakini zingatia aina ya kazi: mwanya wa usalama upo au haupo, unajaribiwa na kuthibitishwa. Jukwaa halina la kufanya na mtu anayesema toleo jipya limemkosesha raha.

Kuna mahali umbali wa jukwaa ni faida. InnoCentive iliwahi kutangaza tatizo la taasisi inayoshughulikia umwagikaji wa mafuta: mafuta yaliyochotwa kwenye maji ya baridi yanaganda na kukataa kusukumwa. Mwaka 2007 zawadi ya dola 20,000 ilikwenda kwa mkemia aliyechota wazo lake kwenye kazi za zege, ambako mashine ya kutikisa huzuia zege lisigande kabla ya kumwagwa. Hakuwa mtu wa mafuta, na balozi au msimamizi wa jumuiya asingemfikia kamwe, maana hakuwa mtumiaji wa chochote cha taasisi hiyo. Ikiwa tatizo lako linaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja likaeleweka na mgeni kabisa, nenda kwenye jukwaa. Ikiwa linahitaji historia ya miaka mitano ya bidhaa ndipo lieleweke, jukwaa litakurudishia majibu mengi yasiyofaa.

Wakfu hautafsiri. Unatoa chumba, mwenyekiti na kumbukumbu za kikao. Anayeutegemea wakfu umbebee sauti ya watumiaji wa kawaida hadi kwenye kampuni atasubiri sana.

Siku ya ugomvi

Hapa mpangilio unageuka, na waliokuwa hodari katika kutafsiri wanaanza kuyumba.

Tarehe 2 Julai 2015 Reddit, mtandao wa majadiliano wenye kurasa zinazosimamiwa na watumiaji, ilimwachisha kazi mfanyakazi aliyekuwa akiratibu yale mahojiano maarufu ambamo watu mashuhuri hujibu maswali ya umma. Mahojiano hayo yaliendeshwa na wasimamizi wa kujitolea, na wao hawakuandaliwa: hawakupewa taarifa, wala hawakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza ratiba. Wakaufunga ukurasa wao. Ndani ya muda mfupi mamia ya kurasa nyingine zikafungwa kwa kuunga mkono. Mkurugenzi mtendaji aliomba radhi siku chache baadaye, na tarehe 10 Julai akajiuzulu. Kujiuzulu huko kulikuwa na sababu zaidi ya hiyo moja, lakini tukio lilionyesha jambo ambalo kampuni haikuwa imelipigia hesabu: imani ya wale wasimamizi ilikuwa kwa mtu, na alipoondoka iliondoka naye. Wahenga wanasema mjumbe hauawi; mwajiriwa wa kati huuawa kila bajeti inapopunguzwa, maana faida anayoleta haina safu yake kwenye hesabu za mwezi.

Mwajiriwa, basi, ni imara kila siku isipokuwa siku ya ugomvi. Kampuni ikitoa uamuzi usiopendwa atatakiwa autetee, na akikataa ataondoka. Jumuiya ikilijua hilo mapema haitamchukia. Itajua tu kwamba siku hiyo si wake.

Hatari zaidi ni mtu wa kati anayeonekana huru kumbe siye. CentOS ulikuwa mfumo wa uendeshaji wa jumuiya uliojengwa juu ya msimbo wa Red Hat Enterprise Linux, mfumo unaouzwa na kampuni ya Red Hat. Mwaka 2014 Red Hat iliuchukua mradi huo, ikawaajiri baadhi ya watu wake wakuu na kuunda bodi ambayo wajumbe wengi walikuwa waajiriwa wa Red Hat. Kwenye karatasi bodi ilikuwa katikati. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS Linux 8, ambayo watu walitarajia ihudumiwe hadi mwaka 2029, itakoma mwishoni mwa 2021. Ndani ya siku chache mmoja wa waanzilishi wa zamani wa CentOS akatangaza Rocky Linux, mbadala wake, na AlmaLinux ikafuata. Waliokuwa wameshahamishia seva zao kwenye toleo la 8 walibaki na mwaka mmoja wa kujipanga.

Tukio la OpenOffice.org, programu ya kuandikia nyaraka na kufanyia mahesabu, lina funzo hilohilo kwa upande wa ahadi. Sun Microsystems ilipoufungua msimbo wake mwaka 2000 ilizungumzia kuunda wakfu huru. Haukuundwa. Januari 2010 Oracle ikainunua Sun, na Septemba ya mwaka huo sehemu kubwa ya wachangiaji wakajitenga, wakaunda The Document Foundation na kuanza LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle ikaukabidhi msimbo wa OpenOffice kwa Apache, lakini watu walikuwa wameshahama na kazi yao.

Linganisha na kinachotokea wakfu ukiwa tayari upo na mlango uko wazi. Tarehe 20 Machi 2024 kampuni ya Redis ilibadilisha leseni ya programu yake iliyokuwa huria. Siku nane baadaye Linux Foundation ilitangaza Valkey, tawi la programu hiyo lililoendelea na leseni ya awali, likiungwa mkono na AWS, Google Cloud na Oracle miongoni mwa wengine.

Ukiishia hapo utasema wakfu umeshinda. Subiri kidogo, kwa maana wakfu hutofautiana kama mbingu na ardhi, na jina halikuambii lolote. Linux Foundation ni chama cha makampuni: uanachama wa ngazi ya juu kabisa ni dola 500,000 kwa mwaka, na mwaka 2016 kanuni zake zilibadilishwa hata wanachama binafsi wakapoteza haki ya kuchagua wawakilishi wa bodi. Apache Software Foundation imejengwa kinyume: wanachama wake ni watu binafsi wanaochaguliwa na wanachama waliopo kwa kazi walizofanya, na kampuni inaweza kufadhili lakini hainunui kiti. Rudi kwenye swali la nani anaweza kumwondoa mtu wa kati, na majibu ni mawili tofauti kabisa. Wa kwanza ni mwamuzi mzuri kati ya kampuni na kampuni; angalia ni nani waliokuwa nyuma ya Valkey. Wa pili uko karibu zaidi na wanaofanya kazi kwa mikono yao. Mtumiaji wa kawaida, ambaye haandiki msimbo wala halipi ada, hana kiti cha uhakika katika wowote kati ya hizo mbili.

Na balozi wa kujitolea? Siku ya ugomvi yeye ndiye anayeteseka kuliko wote. Kampuni inamtazamia atulize watu, watu wanamtazamia awapiganie, na hana mamlaka upande wowote. Mabalozi wengi wazuri huacha kimyakimya baada ya mgogoro mmoja. Kumpa balozi mkataba wa usiri kunazidisha shida, maana anajua jambo linalokuja, wenzake wanamuuliza, naye hawezi kujibu. Kwa wale wanne wa LEGO usiri ulifaa kwa sababu ulikuwa na mwisho unaojulikana, ambao ni siku bidhaa itakapotangazwa. Usiri usio na mwisho humgeuza balozi kuwa mwajiriwa asiye na mshahara.

Malipo

Hilo la mshahara lilishafika mahakamani. Miaka ya 1990 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, iliendesha vyumba vyake vya mazungumzo kwa msaada wa maelfu ya viongozi wa jumuiya waliojitolea. Walipewa zamu, ripoti za kujaza na mafunzo. Walichopata ni akaunti ya bure au nafuu ya ada. Mwaka 1999 baadhi yao walifungua kesi wakidai kwamba walikuwa waajiriwa kwa kila kitu isipokuwa malipo. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2010, dola milioni 15. Anayetaka balozi wa kujitolea akumbuke mpaka ulipo: ukianza kumpangia saa, kumdai ripoti na kumwadhibu asipofika, umeshaajiri.

Jukwaa la nje hulipwa waziwazi, na hiyo ni sifa. Lakini linaona siri za pande zote mbili. Mwaka 2022 HackerOne yenyewe ilitangaza kwamba mfanyakazi wake alizitumia ripoti za wadukuzi alizokuwa na uwezo wa kuzisoma, akawaendea wateja kwa jina jingine ili apate zawadi yeye. Alifukuzwa, na kampuni ilieleza hadharani kilichotokea, jambo ambalo wengi wasingelifanya. Bado ni swali halali la kumuuliza dalali yeyote: kati ya watu wako, nani anasoma ninachokuletea?

Sasa yule wa tano. Cystic Fibrosis Foundation ya Marekani ni taasisi inayopigania watu wenye ugonjwa wa kurithi wa cystic fibrosis. Kuanzia karibu mwaka 2000 iliweka fedha zake katika utafiti wa kampuni ambayo baadaye ilinunuliwa na Vertex, ikileta pamoja na fedha hizo ujuzi wa ugonjwa na mtandao wa vituo vya matibabu. Dawa ya kwanza iliyotokana na kazi hiyo, Kalydeco, iliidhinishwa mwaka 2012. Mwaka 2014 taasisi iliuza haki zake za mrabaha kwa dola bilioni 3.3. Hakuna mtu wa kati mwingine katika makala hii aliyeketi mezani na kampuni akiwa na nguvu kiasi hicho. Ila bei ya dawa ilianza karibu dola 300,000 kwa mgonjwa kwa mwaka, na wapo waliohoji jinsi mtetezi wa wagonjwa anavyoweza kulalamikia bei ambayo na yeye ananufaika nayo. Fedha ziligawanywa upya katika utafiti, sawa. Hoja inabaki pale pale: mtu wa kati mwenye hisa katika mafanikio ya upande mmoja ameshahama kidogo kutoka katikati, hata kama ni kwa nia njema.

Ningechagua hivi

Kampuni changa yenye watumiaji wachache wenye shauku haihitaji jukwaa wala wakfu. Mwanzilishi mwenyewe aongee nao. Ni kazi ya kuchosha na hakuna anayeifanya vizuri kuliko yeye, maana ndiye pekee anayeweza kusema "sawa, tutabadilisha" bila kuomba ruhusa.

Wakishakuwa wengi kiasi kwamba malalamiko yanajirudia, ajiri msimamizi wa jumuiya, na muhimu kuliko mshahara wake ni mahali anapoketi. Akiwekwa chini ya idara ya masoko atageuka kuwa msemaji. Akiwekwa karibu na wanaotengeneza bidhaa atatafsiri. Kisha tafuta mabalozi wawili au watatu wanaotofautiana kimawazo, si wale wanaokusifu tu, na uwape kitu chenye thamani: kuona mapema, kuwa na mhandisi wa kumwandikia moja kwa moja, nafasi ya kupinga kabla jambo halijaamuliwa. Fulana zenye nembo hazihesabiki.

Ukiwa na swali lililofungwa, lenye jibu linalopimika, au ukitafuta mianya ya usalama, lipia jukwaa. Usilitumie kujenga uhusiano. Watu utakaowapata huko ni wa jukwaa na watakwenda kwa mteja mwingine kesho. LEGO ilipoona kwamba waleta mawazo ni watu inaotaka kuwa nao kwa muda mrefu, iliwahamishia kwake.

Wakfu ni kwa ajili ya kitu ambacho wengine wanajenga biashara au kazi zao juu yake. Hapo ndipo watauliza, na wana haki kuuliza, nini kitatokea kampuni ikiuzwa. Uundwe mapema, wakati hakuna anayegombana, kwani ukiundwa katikati ya mgogoro huwa ni wa waliojitenga. Na kabla ya kuufurahia soma kanuni zake ukurasa wa bodi: viti vingapi, vinapatikanaje, nani hupiga kura.

Upande wa jumuiya, ushauri wangu ni mkavu zaidi. Mkubalini msimamizi aliyeletwa na kampuni, mfanye naye kazi kwa moyo, lakini msimweke yeye kuwa mlango pekee. Muwe na mhandisi mmoja mnayemfahamu kwa jina, na mtu wenu aliyechaguliwa kwa kipindi maalumu, siyo kwa sababu ndiye anayeandika sana. Kampuni ikisema mradi una bodi huru, hesabuni waajiriwa wake ndani ya bodi hiyo.

Vipo vipengele vitatu ambavyo ningevitaka kwenye maandishi bila kujali aina ya mtu wa kati aliyechaguliwa. Cha kwanza, nani anamiliki watumiaji wanachokitengeneza, na mgawo wao ni upi. Asilimia 1 ya LEGO Ideas inaweza kuonekana ndogo, lakini imeandikwa na kila anayeingia anaijua. Cha pili, muda wa notisi: mtu wa kati haondolewi, na kanuni hazibadilishwi, kabla jumuiya haijaambiwa na kupewa jina la anayeshika nafasi. Cha tatu, kumbukumbu za majadiliano, miongozo iliyoandikwa na watumiaji na jina la jumuiya vinabaki kwa nani ushirikiano ukivunjika. Hiki cha tatu ndicho kampuni hukiruka mara nyingi. Ikikataa kukiandika, jumuiya ianze kutunza nakala zake yenyewe kabla haijasaini chochote.